Tuko wangapi, na nani anatujibu?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Lubutu. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Nina swali moja dogo. Hapa Lubutu, teritware nzima, tuko wangapi?

Musicheke. Mimi niliuliza, na nilipata majibu matatu. Muuguzi mmoja alinipa hesabu ya afya. Ile inatokana na makadirio: kila mwaka wanachukua hesabu ya mwaka uliopita na kuongeza kidogo. Mumeona wakati wa chanjo, wanapita mlango kwa mlango na kuandika ukutani kwa chaki. Wanahesabu watoto wa dozi, basi. Na sisi tuna zoni mbili za afya, Lubutu na Obokote, kwa hiyo ni lazima ujumlishe. Mtu wa pili alinipa hesabu ya waliochukua karti ya mpiga kura. Lakini mtoto hana karti, na aliyekuwa msituni siku za kuandikisha hana karti. Wa tatu ni shefu wa lokalite, mzee wa watu. Alifungua kaye yake na kunionyesha familia moja moja. Waliokufa amewakata kwa biki. Waliohama amewawekea alama. Akaniambia: « Mwana, mimi najua watu wangu. Lakini hii kaye, hakuna mtu wa juu amewahi kuniomba niionyeshe. »

Majibu matatu, na hakuna hata moja linalofanana na lingine.

Sababu inajulikana. Mara ya mwisho inchi yetu ilihesabu watu wake kweli kweli ilikuwa mwaka 1984, wakati wa Zaire. Walipata karibu milioni 30. Aliyezaliwa mwaka ule leo amepita miaka 40, na wengine wana wajukuu. Tangu hapo tumetangaziwa sensa mara nyingi, na kila mara tunabaki na tangazo tu.

Sasa mtu ataniuliza: « Wewe, sisi tunalia barabara, tunalia usalama, tunalia kazi, na wewe unatuletea hesabu? » Ndiyo, naleta hesabu, juu pesa na hesabu vinatembea pamoja. Nipeni dakika chache, tushuke ngazi ya utawala pamoja, kutoka juu mpaka kwenye mlango wako.

Juu kuna jimbo. Maniema ilitoka ndani ya Kivu ya zamani mwaka 1988. Ina teritware saba: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Sisi tuko kaskazini kabisa, tunapakana na Tshopo na Kivu ya Kaskazini. Kindu inatutawala, lakini barabara ya taifa namba 3 inatupeleka Kisangani. Guvernera anachaguliwa na wabunge wa jimbo, na hao wabunge tunawachagua sisi. Hapo angalau kuna kamba, hata kama ni ndefu, inayotoka kwetu mpaka kwake.

Chini yake kuna teritware, na administrateri wake. Huyo anateuliwa na Rais wa Jamhuri. Wengi wetu tunafikiri yeye ndiye serikali yetu ya hapa. Hapana. Yeye ni macho na mikono ya serikali kuu. Teritware haina baraza la kuchaguliwa. Kwa sheria, si chombo chetu.

Chombo chetu kiko chini yake: sekta. Katiba ya 2006, kifungu cha 3, inasema wazi kwamba mji, komini, sekta na cheferi ni vyombo vinavyojitawala, vyenye uso wao mbele ya sheria. Sisi tuna sekta mbili, Bitule na Obokote. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaeleza sekta inapashwa kuendeshwa namna gani. Raia wanachagua baraza la sekta. Baraza linachagua shefu wa sekta na naibu wake. Baraza linapitisha bajeti, na baraza linaomba hesabu. Chini ya sekta kuna grupema, na chini ya grupema lokalite, na huko ndiko tunawakuta mashefu wetu wa desturi.

Sasa, hilo baraza la sekta, nani hapa amewahi kuliona? Nani amewahi kulipigia kura?

Kimya. Hakuna, na si kosa lenu. Tangu Katiba ile ianze kazi, hatujaitwa kuchagua baraza la sekta hata mara moja. Tarehe 20 Desemba 2023 tulisimama kwenye foleni, tukachagua rais, wabunge wa taifa na wabunge wa jimbo. Ndugu zetu wa Kindu, katika komini za Kasuku, Mikelenge na Alunguli, walipewa karatasi ya nne: washauri wa komini. Uchaguzi ule wa komini ulifanyika katika miji mikuu ya majimbo tu. Sisi wa sekta tuliambiwa tungoje. Mpaka leo tunangoja.

Matokeo ni nini? Shefu wa sekta anawekwa na watu wa juu. Aliyemuweka ndiye anaweza kumtoa, kwa hiyo ndiye anamjibu. Nisikilizeni vizuri hapa: sisemi shefu wa Bitule ameiba, wala wa Obokote. Sina ushahidi na sikuja kutukana mtu. Nasema hivi: hata akiwa mtu mwema kuliko wote, hakuna meza ambapo sheria inamkuta na sisi, sisi tumekaa upande huu na yeye amefungua kitabu cha hesabu upande ule. Mama anayeuza mafuta ya mawese na mchele analipa kila siku ya soko. Motari analipa kwenye bariyeri. Wanalipa, kisha wanasahau, kwa sababu hawajui waulize wapi.

Turudi kwenye pesa kubwa. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo. Na ile sheria ya 2008 inasema asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo inashuka kwenye vyombo vya chini: miji, komini, sekta, cheferi. Fanyeni hesabu. Kwa kila franka 100 za taifa, 40 ni za majimbo, na 16 zinapashwa kufika ngazi yetu. Tunajua vile inaenda kwa matendo: pesa ya majimbo inachelewa, inafika pungufu, na tone la mwisho linakauka kabla halijafika Lubutu.

Lakini kuna neno moja katika sheria ambalo wengi hawalisomi. Hizo pesa za ngazi ya chini zinagawanywa kwa kuangalia mambo matatu: uwezo wa kuzalisha, ukubwa wa eneo, na wingi wa watu. Wingi wa watu! Sasa kama hakuna anayejua tuko wangapi, tutabisha kwa nini tukipewa kidogo? Tutasema « sisi ni wengi »? Kila mtu anaweza kusema hivyo. Hata viti vya wabunge vinagawanywa kwa hesabu ya walioandikishwa kupiga kura. Asiyehesabiwa anapoteza mara mbili: anapoteza pesa, na anapoteza sauti.

Najua pia kwamba watu wanaogopa kuhesabiwa. Wazee wana haki ya kuogopa. Wakati wa Wabeleji, aliyekuja na kitabu cha majina alikuwa anatafuta wanaume wenye nguvu, kwa kodi na kazi ya lazima. Hapa hapa, mwaka 1944, Wakumu wa upande wa Masisi na Lubutu waliasi pamoja na Bushiri na watu wa Kitawala, kwa sababu mzigo wa kazi za vita ulikuwa umepita kiasi. Kwa babu zetu, kuandikwa jina ilikuwa kufungwa kamba.

Lakini Lubutu inajua pia upande wa pili. Mwisho wa mwaka 1996, wakimbizi wa Rwanda kwa makumi ya maelfu walifika Tingi-Tingi, kilomita chache kutoka hapa. Ndege zilikuwa zinatua barabarani. Mashirika yalitafuta hesabu yao kila siku, juu chakula kinagawanywa kwa kichwa. Kisha vita ikafika, watu wakatawanyika msituni, na mpaka leo dunia inabishana ni wangapi walipotea. Mtu asiyehesabiwa, hata kifo chake kinageuka mabishano. Tumeyaona haya kwa macho yetu.

Na kuna woga wa tatu: kwamba hesabu itageuka swali la « nani mwenyeji, nani mgeni ». Hapa kuna Wakumu, na kuna wengine walioletwa na barabara, biashara, migodi au vita. Sisi hatuhesabu makabila. Tunahesabu vinywa vinavyokunywa maji ya kisima kimoja na watoto wanaokaa chini katika darasa moja.

Nimalizie na habari ya nyumbani kwangu. Dada yangu mdogo alizaa mtoto wa kiume. Sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inasema mtoto anaandikishwa bure ndani ya siku 90. Dada akaenda ofisi moja, ambayo sitaitaja. Akaombwa pesa. Hakuwa nazo. Akaambiwa rudi wiki ijayo, akarudi, mwenye muhuri hayupo. Mvua, malaria, shamba, siku 90 zikapita. Sasa inahitajika hukumu ya tribunali, na hiyo si bure. Mtoto anakimbia, anacheza mpira, anaimba. Kwenye karatasi ya Jamhuri, hajazaliwa. Siku dada alipobisha mlango wa ile ofisi, kama angejua neno moja tu, « ni bure », pengine leo mtoto angekuwa na karatasi. Na mimi kaka yake, niliyesoma, sikuwa nimemwambia. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo naomba mambo manne, bila jiwe, bila kuchoma tairi.

La kwanza, tunaweza kulianza wenyewe. Vijana watano kwa kila lokalite. Munapita kwa shefu kwanza, munamsalimia, munamueleza. Kisha munatafuta watoto ambao hawajafikisha siku 90 na munawasindikiza wazazi mpaka ofisi ya kuandikisha. Hatuandiki kabila, hatuchukui franka hata moja. Tukiambiwa lipa, tunaomba risiti yenye muhuri, kwa heshima.

La pili, tutaandika barua kwa mashefu wa sekta zote mbili, tukiomba bajeti ya mwaka ibandikwe ukutani: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, kwa kazi gani. Mwenye mikono safi atafurahi kubandika.

La tatu, tutaomba wabunge wetu wa jimbo waje hapa watueleze: fungu la sekta zetu liko wapi?

La nne ni la inchi nzima, na nyinyi wa Kindu, Kisangani na Goma mutusaidie kupaza sauti: sensa ifanyike, na uchaguzi wa mabaraza ya sekta ufanyike. Musiseme ni mambo ya kijijini. Wengi wenu munaishi mjini, lakini mama zenu wanaishi katika sekta.

Wale wa kundi la kwanza, tunaonana Jumamosi baada ya salongo. Kila mtu alete kaye na biki.