UKAGUZI WA NYAYA ZA UMEME UFANYIKE KABLA YA LIPU
Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Nyumba inapojengwa, Unguja au Pemba, ni siku chache tu ambazo nyaya zake za umeme huonekana kwa macho. Nazo ni siku zilizo baina ya kutiwa mabomba ya waya ukutani na kupigwa lipu. Lipu ikishakauka, kosa la fundi hufichika, na atakayeligundua huenda akawa mtoto aliyeshika jokofu kwa mkono wenye maji. Kwa hivyo ukaguzi wa kwanza hauna budi kufanywa kabla ya lipu, na mkaguzi afike mwenyewe kwenye jengo.

Katika hatua hiyo hutazamwa mambo haya:

(a) Unene wa waya. Kwa kawaida taa hutosheka na waya wa milimita mraba 1.5 na soketi 2.5, jiko la umeme huhitaji 6 au zaidi, kwa kadiri ya ukubwa wake. Waya mwembamba uliotwikwa mzigo mkubwa hupata moto ndani ya ukuta.

(b) Viungo. Waya usiungwe ndani ya bomba. Kila kiungo kiwe katika kisanduku kinachoweza kufunguliwa.

(c) Rangi. Katika majengo ya zamani yaliyofuata utaratibu wa Kiingereza, waya wa moto ni mwekundu na wa nyutro ni mweusi. Katika utaratibu ulioanza kutumika Uingereza mwaka 2004, nyutro ni buluu, na mweusi waweza kuwa wa moto. Nyumba ya zamani iliyoongezwa vyumba huweza kuwa na rangi za aina zote mbili. Fundi anayeamini rangi bila ya kupima anacheza na roho yake.

Ukaguzi wa pili hufanywa kabla ya nyumba kuungwa na njia ya Shirika la Umeme. Hapa macho hayatoshi, vinahitajika vipimo. Nyaya hupimwa kwa volti 500, na ukinzani wa ngozi zake usipungue megaomu 1. Swichi hupimwa kuhakikisha kwamba inakata waya wa moto. Ikikata nyutro, taa itazimika lakini kishikio chake kitabaki na umeme, na abadilishaye globu hatajua.

Wako wanaodhani kwamba fyuzi inatosha. Fyuzi ya plagi huweza kuwa ya ampea 13, na kazi yake ni kulinda waya. Mwanaadamu huweza kufa kwa umeme usiofika sehemu moja ya kumi ya ampea. Kinachomlinda ni waya wa ardhi uliofungwa sawasawa, pamoja na kikatio kinachozima umeme unapovuja kwa kiasi cha miliampea 30.

Jambo jengine ni jenereta. Waya wa chini ya bahari uliowekwa mwaka 1980 ulipoharibika, Unguja ilikosa umeme wa Bara tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na nyumba nyingi zikategemea jenereta. Waya mpya ulianza kazi mwaka 2013, lakini jenereta bado zipo majumbani. Iliyoungwa bila ya swichi ya kubadilishia hurudisha umeme katika njia kuu, ukampata fundi aliye juu ya nguzo akiamini kwamba njia imezimwa.

Wenye nyumba wengi huona kwamba kumngojea mkaguzi ni kupoteza siku. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wenye waya mbovu hubomolewa kwa gharama kubwa kuliko ya siku mbili za kungoja. Kwa upande wa mtumishi, sahihi yake katika fomu ni ahadi kwa watakaolala ndani ya nyumba hiyo, wakiwemo wapangaji ambao hawatapata kuziona nyaya hizo. Asiyefika kwenye jengo, asitie sahihi.