Imani Inayolipa Deni

Wewe usiye Mkristo, lakini umefungulia redio yako kutusikiliza jioni hii, karibu sana. Leo nakuhitaji kuliko wengine, kwa sababu tunazungumzia Mkristo anavyoonekana machoni pa jirani yake, na jirani huyo huenda ni wewe.

Dalili za Ukristo zimejaa kila kona. Aya ya Biblia iko nyuma ya daladala, pambio ndilo mlio wa simu, na duka la vipuri limepewa jina la mlima wa Israeli. Sina ugomvi na hayo. Ila yupo fundi cherehani aliyepokea kitambaa na malipo ya nusu tangu mwezi wa tatu. Mteja anapofika kwa mara ya nne kuulizia nguo yake, akapokelewa kwa “Bwana asifiwe”, salamu hiyo anaisikiaje?

Yesu, katika mafundisho yaleyale ya mlimani, alisema maneno mawili ambayo ukiyasoma haraka utadhani yanapingana. Katika Mathayo sura ya 5 anawataka wanafunzi waiache nuru yao ionekane, watu wayaone matendo yao mema. Sura ya 6, mwanzoni kabisa, anawaonya wasitende wema ili watazamwe. Sasa tuonekane, au tujifiche? Mimi hutazama sifa inaishia wapi. Katika sura ya 5, aliyeona anamtukuza Baba. Katika sura ya 6, sifa imebaki kwa mtoaji.

Na lipo tendo moja ambalo ni vigumu mno kulifanya ukabaki na sifa: kurudisha ulichodhulumu. Ukibisha hodi kwa mtu kumrudishia alichoibiwa, lazima kwanza useme nani aliyeiba. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru pale Yeriko, alisimama mbele ya Yesu akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kumlipa mara nne. Luka sura ya 19 haituelezi kama aliimba vizuri au alisali kwa sauti gani. Inatueleza hesabu zake.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunao mfano mkubwa wa jambo hili, na inanisikitisha kuona vijana wengi makanisani hawajausikia. Septemba 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Mwingereza aitwaye Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Wakakaa na Biblia, wakasoma na kuomba pamoja. Church alirudi Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali ya misheni. Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, akaenda kufundisha shuleni hapohapo Gahini, akawa moto mpaka alipofariki kwa homa mwaka 1936, angali kijana. Kutoka Gahini uamsho wa kiroho uliowaka hapo ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ukiingia upande wa Bukoba. Waganda waliwaita watu wake Balokole, waliookoka. Waswahili tukasema walokole.

Majirani waliwatambuaje? Kwa vitu vilivyorudi. Mifugo ilirudi, madeni yaliyosahaulika yakalipwa, na watumishi wakawarudishia waajiri vitu walivyokuwa wamechukua. Mke na mume waliokuwa hawasemezani walikaa wakasemezana. Halafu likatokea jambo ambalo katika utawala wa kikoloni halikuwa la kawaida kabisa: wamisionari Wazungu walisimama mbele ya Waafrika wakatubu kiburi chao na dharau yao kwao, wakaomba msamaha. Ndugu wa uamsho walikuwa na usemi wao, kutembea nuruni, walioutoa katika Waraka wa Kwanza wa Yohana. Kwao ulikuwa na maana ya kila siku: kutoficha kitu kati yako na mwenzako, na kutengeneza mapema palipoharibika.

Sitaki kuwapamba. Walikuwepo miongoni mwao waliohukumu kanisa zima kuwa limekufa, na waliowasukuma wenzao kutubu hadharani mambo yaliyopaswa kusemwa faraghani. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi zaidi ya 20 wa uamsho huo, na ukisoma habari zao unaona makosa yalikuwa pande zote mbili. Lakini jaribu kubwa lilikuja Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Wakikuyu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kuchanganya na nyingine. Wapo waliouawa kwa hilo. Serikali ya kikoloni ikadhani basi hao ni watu wake, ikataka kuwapa silaha, na wengi wakazikataa pia. Fikiria ugumu wa kusimama pale katikati, kila upande ukikuona msaliti.

Na kuna jina la mahali ambalo Mkristo hana haki ya kulipita kimya: Nyamata, Rwanda. Mchungaji Yona Kanamuzeyi aliwahudumia hapo watu waliofukuzwa makwao, na Januari 1964 askari walimchukua wakamuua kwa risasi. Miaka 30 baadaye, mwezi wa nne 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia ndani ya kanisa la Nyamata wakauawa humohumo. Wengi wa waliouawa, na wengi wa waliowaua, walikuwa wamebatizwa. Kanisa hilo leo ni mahali pa kumbukumbu. Nchi ileile ilikuwa imeona ng'ombe wa wizi wakirudi kwa wenyewe kwa sababu ya Yesu. Kwa hiyo uamsho wa babu haurithiwi kama shamba, na Mkristo anayeonekana mwema kwa watu wa kabila lake peke yao bado hajaonekana.

Tuje kwako na kwangu. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kina utaratibu ulio wazi: aliyekosa aungame, arudishe chote, na aongeze sehemu ya tano. Kama ulichukua shilingi 50,000 za kikundi cha kukopeshana, unapeleka 60,000. Kama uliyemdhulumu amefariki, peleka kwa ndugu zake. Asipokuwa na ndugu, sura hiyohiyo inaelekeza iende kwa Bwana.

Usianze kwa mahubiri wala kwa visingizio vya ugumu wa maisha. Msalimu mwenyewe kwa heshima yake: “Shikamoo mzee. Ile mifuko miwili ya saruji iliyopungua kwenye ujenzi wako, ni mimi niliyeiuza. Nimekuja kulipa.” Kisha nyamaza, umwache aseme atakayo, hata kama ni makali. Msamaha ni wake kutoa, nawe huendi kuudai. Kama huna fedha yote, nenda na uliyonayo na mpange tarehe, tena mbele ya shahidi.

Tahadhari mbili. Kosa linaloweza kuvunja heshima ya mtu mwingine, kama uzinzi, usilipeleke kwenye ibada. Litafutie mchungaji anayetunza siri. Na kosa la kumdhuru mtoto au kumjeruhi mtu halimalizwi sebuleni kwa maombi na mbuzi. Hilo linakwenda polisi, na toba ya kweli haikimbii mahakama.

Nawe jirani usiye Mkristo, kama kuna Mkristo anayekudai msamaha kila Pasaka huku akishikilia mali yako, mwambie bila woga kuwa umesikia habari za Zakayo redioni, nawe unasubiri kulipwa.