Lishe ya Mwili na Lishe ya Akili: Kiswahili na Kihispania Katika Mizani ya Tafsiri



Itifaki ya mwaka 2003 ya kurekebisha Sheria iliyounda Umoja wa Afrika ilivitaja Kihispania na Kiswahili vikifuatana katika orodha ya lugha rasmi za Umoja huo. Tangu hapo, mfasiri wa lugha hizi mbili hana udhuru wa kukimbilia Kiingereza kila anapokwama. Na atakwama mapema, kwa neno la kawaida kabisa: alimento.

Kwa Mhispania, alimento ni chakula. Ni kuni zinazoufanya moto usizimike. Tena ni kila kinachoendeleza jambo lisiloshikika, kama vile tumaini au wivu. Chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini alere, kulisha na kukuza. Humo ndimo lilimotoka alumno, mwanafunzi, ambaye hapo kale alikuwa mtoto aliyelishwa na kulelewa. Humo pia limetoka alma mater, mama mlishaji, jina ambalo vyuo vikuu hupewa kwa heshima. (Wasemaji wengi husikia ndani yake neno lao alma, roho, lakini hilo limetokana na anima, na kufanana kwake ni sadfa.) Kitenzi nutrir nacho kina asili ya titi: nutrire ilikuwa kunyonyesha, na nodriza, mama anyonyeshaye mtoto wa mwingine, ni wa ukoo huohuo.

Wanasheria wamelipanua neno hili zaidi. Kifungu cha 142 cha Sheria ya Madai ya Hispania, ya mwaka 1889, kinahesabu ndani ya alimentos riziki, makazi, mavazi, matibabu na hata elimu ya mtoto. Anayefasiri hukumu ya namna hiyo kwa neno “vyakula” atakuwa amemnyima mtoto shule. Kisawe chake ni matunzo, na maana zinakaribiana mno: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamtaka baba awape watoto wake makazi, mavazi, chakula na elimu.

Katika Kiswahili, mzizi -la umezaa lisha, na lisha ikazaa lishe. Mwaka 1973 sheria iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na neno hili likajikita katika kliniki na mabango ya afya hadi likawa istilahi ya mwili. Kwa kazi hiyo linatosha: nutrición ni lishe, alimentación ni ulaji, nutrientes ni virutubisho. Taabu huanza mfasiri anapokutana na alimentar la mente akaandika “kulisha akili”.

Tazama kinacholishwa mtu katika Kiswahili pale ambapo si chakula. Hulishwa yamini. Hulishwa maneno ambayo hakuyasema. Mume hulishwa limbwata. Umma hulishwa kasumba, neno ambalo asili yake ni afyuni. Katika mifano yote hii mlishwaji hana hiari, na aghalabu hajui alichomeza. Kitenzi mama nacho kina sifa mbaya: watu hula rushwa, hula njama. Hata kunyonya, tendo la kwanza la lishe ya binadamu, kulitoa unyonyaji, neno ambalo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililieneza nchi nzima. Kwa hiyo “kulisha akili” kunaweza kumfanya msomaji makini aulize: kwa manufaa ya nani?

Kihispania nacho kina hofu hiyo, ila kimeigeuza. Katika mazungumzo ya mtaani nchini Hispania, anayemjaza mtu fikra hadi amtawale huambiwa “anamla nazi”, comer el coco, nazi ikiwa ni kichwa. Huko anayepotoshwa huliwa, huku hulishwa.

“Lishe ya akili” nalo haliponi. Msomaji wa leo atadhani anafundishwa faida za samaki na chumvi yenye madini joto kwa ubongo wa mtoto. Kiswahili kilikuwa na njia nyingine za kuisemea akili: hunolewa kama kisu, hupevuka kama tunda. Mwenye elimu huitwa mwanachuoni, na chuo hapo kale kilikuwa kitabu chenyewe. Kwa alimentar la mente, kitenzi kinachostahili ni kurutubisha. Rutuba ni ya udongo kwanza, na mkulima hailishi mbegu. Huiandalia ardhi, nayo ikaota kwa nguvu zake. Kwa vile virutubisho tayari ni vya mwili, kurutubisha kunaunganisha mwili na akili bila kumfanya mwanafunzi kinda la ndege.

Kina mpaka wake, hata hivyo. Alimentar el odio haiwezi kuwa “kurutubisha chuki”, maana rutuba ni neno la kheri. Hapo ni kuchochea, kitenzi cha jikoni, na kwa kuwa alimento la Kihispania linabeba pia kuni za moto, kisawe hicho kilikuwapo mekoni siku zote.