Neno "Civil" na Maana Yake



Tumeombwa tuseme machache juu ya neno la Kiingereza "civil", ambalo sisi watumishi wa serikali twaitwa kwalo kila siku, wala hatuulizi limetoka wapi.

Asili yake ni Kilatini: "civis" ni raia, na "civilis" ni jambo limpasalo raia. Waingereza walilipokea kwa njia ya Kifaransa katika karne ya 14, na kufika karne ya 16 walilitumia pia kwa mtu mwenye adabu. Angalieni hapo. Adabu hii si hofu ya mdogo kwa mkubwa, bali ni ya raia kwa raia mwenzake. Kiswahili chetu kimepita njia iyo hiyo: mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, na tabia impasayo ndiyo tuitayo uungwana. Basi wakosea wale wafasirio "civil" kuwa mtiifu. Utii ulidaiwa kwa mtumwa.

Ama "civil servant", neno hili lilienea katika karne ya 18 kutoka Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki, iliyowatenga hivyo watumishi wake wasio askari. Kwa hiyo hapo halitaji adabu hata kidogo. Lasema tu kwamba hatushiki bunduki! Lakini mzee aliyesimama dirishani tangu asubuhi, karani akamwambia "njoo kesho" pasipo kuinua macho, hana haja na habari za Kampuni. Yeye ni raia, na karatasi aliyoifuata ni haki yake. Asipoelezwa ni nini kilichopungua, atarudi kwao nauli imekwisha na shamba halikulimwa, na kesho atakuja na upungufu ule ule.

Neno moja kwa waandikao barua. "Polite" asili yake ni kitu kilichosuguliwa kikang'aa. "Courteous" latoka katika mabaraza ya wafalme. "Civil" ni chini ya hayo: ukiandika katika cheti cha mtu kwamba alikuwa "civil", Mwingereza atafahamu kuwa hakumtukana mtu, basi. Ukitaka kumsifu, andika "courteous". Na kinyume chake, asiye na adabu ni "uncivil", lakini tendo lake huandikwa "incivility".