Pilau ya Idi na Dagaa wa Kila Siku

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ujiji)

Wewe unayesoma ukiwa Kasulu, Uvinza au kwingine kokote, karibu, sogea kwenye benchi. Leo sikuja na picha za kutisha wala sindano. Leo tunaongea habari za msosi.

Naanza na swali. Rafiki yako wa shule akija kwenu ghafla saa saba mchana, akakuta ugali wa muhogo na dagaa vimeshapakuliwa, utafanyaje? Utamkaribisha, au utafunika haraka na kumwambia, "Subiri kidogo, bado hatujapika"?

Usinijibu. Mimi nilifunika.

Nilikuwa kidato cha pili, hapa hapa Ujiji. Nilikuwa na rafiki ambaye baba yake alihamishiwa Kigoma kikazi kutoka Dar es Salaam. Jumamosi moja akanifuata nyumbani tufanye hesabu. Mama alikuwa ameshapakua: ugali wa muhogo, dagaa wa mawese, kisamvu pembeni. Nikaona haya. Nikafunikia kawa, nikakimbia kununua chapati nne, nikarudi kuchemsha chai. Mama aliniangalia tu, hakusema kitu.

Kuanzia hapo nikajifanya mtu wa kisasa. Asubuhi chai na chapati. Saa nne, chai na sambusa mbili getini. Mchana nikirudi, "Mama, nimeshiba." Usiku naonja tonge mbili tatu za ugali, nasukumizia na chai ya rangi. Kichwani mwangu chakula cha watu wenye uwezo kilikuwa pilau, biriani, chapati, sambusa na bajia. Dagaa? Hao ni wa watu wa mwaloni.

Siku niliyoanguka

Miezi ikapita. Nikaanza kuchoka ovyo. Kilima nilichozoea kukipanda nikipiga soga, nikawa nakipanda kwa kusimama mara tatu, moyo unadunda kama ngoma. Darasani nasinzia. Asubuhi moja mstarini, jua hata halijawa kali, nikaona giza. Nikaanguka.

Mnajua msichana akianguka mstarini watu wanasema nini. Kabla sijafika kwenye matibabu, shule nzima ilikuwa imeshaamua kwamba nina mimba. Na kipimo cha kwanza nilichopimwa kilikuwa hicho hicho. Hakuna aliyeniuliza kwanza najisikiaje. Majibu yalipoonyesha sina mimba, ndipo nesi mmoja mtu mzima akavuta kope yangu ya chini, akaitazama, akatikisa kichwa. "Huyu mtoto hana damu."

Wakapima. Ilikuwa 8. Msichana wa umri wenu anatakiwa awe na 12 au zaidi.

Nesi yule alifanya kazi yake vizuri. Alisema upungufu wa damu una sababu nyingi, kwa hiyo asingekisia. Malaria hula damu. Minyoo ya safura hunyonya damu. Kichocho, ambacho kipo kwenye maji ya ziwa letu, nacho kinaweza kupoteza damu. Hedhi nzito nayo huchangia, na wapo wanaozaliwa na selimundu. Mimi nilikutwa na safura, nikapewa dawa, na vidonge vya kuongeza damu. Kisha akaniuliza, "Unakula nini, mwanangu? Na chai unakunywa saa ngapi?"

Nikajibu kwa maringo kidogo, "Chai na chapati. Na sambusa."

Akacheka. "Kumbe unakula unga mweupe na mafuta, halafu unafunga mlango kwa chai!"

Mlango gani huo?

Sikilizeni vizuri hapa. Damu inahitaji madini ya chuma. Madini hayo yamo kwenye nyama, maini, samaki, dagaa, maharage, choroko, dengu na mboga za majani. Lakini kula si sawa na kupata. Ule ukakasi unaousikia mdomoni ukinywa chai ya rangi hutokana na kitu kiitwacho tanini. Tanini ikikutana tumboni na madini ya chuma ya maharage na mboga, inayashika, na mengi yanatoka bila kuingia kwenye damu. Huo ndio mlango uliofungwa.

Ndimu, chungwa, pera na embe hufanya kinyume chake. Zina vitamini C, na vitamini C hufungua mlango. Samaki kidogo tu akichanganywa na mboga au maharage, naye husaidia madini ya chuma ya mboga hizo yaingie mwilini.

Wala si mimi peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 45 walikuwa na upungufu wa damu. Hebu hesabu wasichana mlioko humu darasani. Na wavulana msicheke. Mnakua haraka, mnahitaji damu, na malaria haichagui.

Mwembe wa Ujiji ni mgeni

Msije mkadhani nachukia vyakula vya Waasia. Sithubutu! Tukivifukuza vyote, Ujiji itabaki na njaa.

Mnaujua mwembe wa hapa Ujiji, ambao inasimuliwa kwamba chini yake Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871? Asili ya mwembe ni Asia ya Kusini. Mchele tunaopikia wali, asili yake Asia. Ndizi, Asia. Choroko, India. Hata neno chapati ni la Kihindi, na chai jina lake limetoka China. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikafika hapa ziwani, na wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar na pwani ndio waliokuwa wakiikopesha mali. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Maduka ya Wahindi nayo yalikuja, na viungo vyao, na chapati zao.

Kwa hiyo vyakula hivi ni vyetu pia. Tatizo ni nini tulichoiga, na nini tulichokiacha. Jambo hilo nililijua nikiwa chuo kikuu.

Jikoni kwa Nani

Nikiwa mwaka wa pili Dar es Salaam, nilipata kibarua cha kumfundisha mtoto masomo ya jioni, kwenye familia moja ya Kihindi, Waislamu, wakazi wa Upanga. Siku ya kwanza nimekaa sebuleni, nikasikia mtoto anaita, "Nani! Nani!" Nikajibu kwa sauti, "Ni mimi, mwalimu!" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kumbe kwa lugha yao Nani ni bibi mzaa mama.

Nani akanikaribisha chakula. Mimi huyo, mate yananitoka. Leo nakula biriani la Wahindi wenyewe! Ikaletwa sahani ya wali wa njano uliopikwa laini pamoja na choroko, bakuli la mtindi, mchicha, na kipande cha ndimu. Basi. Wanakiita kichri. Nikajisemea moyoni, hawa watu ni wabahili.

Siku ya pili, dengu na chapati. Lakini hazikuwa chapati nilizozijua. Ndogo, nyembamba, za unga wa ngano usiokobolewa, zimechomwa kavu bila mafuta. Siku ya tatu, mboga na maharage. Wiki ya pili nikashindwa kuvumilia. "Nani, biriani mnapika lini?"

Akanitazama kwa mshangao. "Biriani? Kwani leo kuna harusi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Biriani kwao ni ya Idi na ya harusi. Sambusa ni za wageni na za futari. Chakula chao cha kila siku ni nafaka pamoja na jamii ya kunde, mboga za majani, na kitu kichachu pembeni. Na chai? Nani hakuruhusu iletwe pamoja na chakula cha mchana. "Chai ina saa yake," alisema. Nikamkumbuka yule nesi.

Nani mwenyewe alikuwa na kisukari. Aliniambia waziwazi kwamba ujana wake wote alikula vitamu na vya kukaanga kila siku, biashara ilipokuwa nzuri, na daktari ndiye aliyemrudisha kwenye chakula cha mama yake. Siku moja akaniuliza, "Na kwenu Kigoma mnakula nini kila siku?" Nikasitasita. Nikasema kwa sauti ndogo, "Ugali wa muhogo, dagaa, kisamvu, mawese." Akasema, "Mbona umejaliwa! Wewe una samaki."

Vijana, sisi tuliiga sherehe ya Mwasia tukaifanya chakula cha kila siku. Kile chake cha kila siku tukakiacha. Halafu tukaona haya kwa cha kwetu, ambacho kinafanana nacho sana.

Hebu tukipime cha kwetu

Dagaa wa Ziwa Tanganyika unamla mzima, na mifupa yake. Kwa hiyo unapata protini, madini ya chuma, na madini ya kalisi ya kujenga mifupa na meno. Rangi nyekundu ya mawese inaleta vitamini A ya macho na ya kinga ya mwili. Ila ukiyachoma hadi yakawa meupe, vitamini imeungua pamoja na rangi. Kisamvu na mchicha vina madini. Kamulia ndimu juu, mlango umefunguka. Muhogo peke yake ni wanga tu, nakubali. Ndiyo maana tonge la ugali linahitaji mboga ya kutosha, siyo mchuzi wa kulowanisha vidole.

"Lakini dada, dagaa siku hizi ni ghali!" Kweli. Na kuna miezi wanaadimika kabisa. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa letu ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Sasa hapo ndipo jiko la Nani linapotufaa. Loweka kikombe kimoja cha choroko, changanya na vikombe viwili vya mchele, kitunguu, chumvi kidogo na manjano, vipike pamoja mpaka vilainike. Au chukua maharage ya Kasulu, uyale na ugali na mboga. Nafaka na kunde zikikaa sahani moja, protini ya hii inajazia pungufu la ile. Dagaa wakirudi, hata kiganja kimoja kwenye maharage kinasaidia.

Mambo matano ya kuanza nayo kesho

1. Chai iwe na saa yake. Ingoje angalau saa moja baada ya chakula.

2. Kwenye maharage, choroko au mboga, weka ndimu, au kula tunda palepale.

3. Chapati za mafuta, sambusa na bajia usizifanye chakula cha kila siku. Na ukiona mafuta ya kukaangia yamekuwa meusi yanatoa povu, hifadhi pesa yako. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

4. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, vaa viatu, lala kwenye chandarua. Chakula kizuri hakiwezi kushindana na safura na malaria.

5. Ukichoka ovyo, moyo ukienda mbio, ukaona kizunguzungu, nenda zahanati upime damu. Usisubiri uanguke. Na mwenzako akianguka, usimtungie hadithi. Msindikize.

Na ninyi wavulana, kichri haina jinsia. Sufuria, maji, moto. Jaribuni Jumamosi hii.

Kabla hatujaachana

Mwaka jana yule rafiki yangu wa kidato cha pili alipita Kigoma kikazi. Nikampeleka nyumbani. Safari hii sikufunika kitu. Mama akaweka ugali, dagaa wa mawese, kisamvu na ndimu. Rafiki yangu alikula kimya, akaongeza mara mbili. Kisha akasema, "Unajua ile Jumamosi tulipokuwa shule? Nilisikia harufu ya dagaa tangu mlangoni, nikameza mate. Ukaniletea chapati. Chapati nilizichoka tangu Dar!"

Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kanga. Mimi nilicheka pia, lakini nilikumbuka yale macho yake ya siku ile. Nikamwomba radhi, miaka mingi imeshapita.

Idi ikifika tutapika pilau, na tutakula mpaka tushibe. Kesho yake, mama ataweka dagaa.

Jadilianeni darasani: Ni chakula gani cha kwenu unachokionea haya, na nani alikufundisha kukionea haya? Getini kwenu kunauzwa nini, na je, kuna hata mtu mmoja anayeuza matunda?