Mashindano ya Baisikeli na Hatari ya Magari Njia ya Kitale na Bungoma



Mtu atokaye Kitale kwenda Bungoma kwa baisikeli hupewa zawadi na nchi yenyewe. Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma iko karibu na mita 1,400. Kwa hiyo sehemu kubwa ya safari ni kuteremka. Si ajabu kijana mwenye miguu yenye nguvu akiitazama njia hiyo na kuona kwamba imeumbwa kwa ajili ya mashindano. Lakini dereva wa lori aliyetoka Malaba alfajiri hana habari ya mashindano. Yeye aona baisikeli moja, kisha ya pili, kama zile azionazo kila siku zikichukua maziwa na magunia ya mahindi, naye hudhani zitamwachia njia kama ilivyo desturi.

Hapo ndipo penye shina la hatari. Baisikeli ya kazi hushuka kando ya lami mara isikiapo honi. Baisikeli ya mashindano haishuki, maana mwenyewe ahesabu kila sekunde, na tena mipira yake ni myembamba mno kwa changarawe ya kando. Dereva angojea jambo lisilotokea, na mpandaji amwamini dereva asiyemjua.

Yafaa njia yenyewe itazamwe. Kutoka Kitale, kupita Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye, ni karibu kilomita 60. Sehemu hiyo ina matatu zinazosimama ghafula kuchukua abiria, na wakati wa mavuno ya Trans Nzoia ina matrekta yenye matela ya mahindi. Lakini Webuye ndipo njia ya Kitale iingiapo barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Malaba, ambayo hupitisha mizigo ya Uganda na ya nchi zilizo mbele yake. Toka hapo hadi Bungoma ni kiasi cha kilomita 25 tu, nazo ndizo za kuogopwa. Mpandaji azifikia akiwa amechoka, kichwa amekiinamisha, macho yakitazama gurudumu la mwenzake. Ikiwa ni jioni, jua lamchoma usoni, maana njia yaelekea magharibi. Na jua hilohilo lampofusha dereva ajaye nyuma yake. Kando ya hayo kuna matrekta ya miwa katika nchi ya Nzoia, ambayo huangusha mabua barabarani. Bua lililopondwa na magari huteleza kama ganda la ndizi.

Lori lendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Dereva akiitazama simu yake kwa sekunde 3, lori limekwenda mita 66 pasipo mwenye kuliangalia. Tena si lazima limguse mtu. Likipita karibu sana, upepo wake humsukuma mpandaji nje, kisha mkia wa lori ukipita humvuta ndani. Akiwa kwenye ukingo wa lami uliomeguka, gurudumu huanguka chini. Naye akijaribu kupanda tena kwa mshazari, gurudumu hukwama na yeye huangukia barabarani, upande wa magari.

Mambo haya yamewapata hata mabingwa. Mwezi Novemba 2014, Bwana John Njoroge wa timu ya Kenyan Riders aligongana na gari katika mashindano ya Matabungkay huko Ufilipino, akafa. Tarehe 31 Machi 2017, Bwana Mike Hall, Mwingereza aliyeanzisha mashindano ya Transcontinental ya kuvuka Ulaya, aligongwa na motokaa karibu na Canberra, Australia, kabla jua halijachomoza. Alikuwa wa pili katika safari ya kilomita zipatazo 5,500 kutoka Fremantle hadi Sydney, kwenye barabara zilizokuwa wazi kwa magari yote. Mashindano yalivunjwa siku hiyohiyo. Hakuna awezaye kusema kwamba mtu huyo hakuijua baisikeli.

Kwa upande wa pili, mwezi Septemba 2025 mji wa Kigali ulipokea mashindano ya dunia ya baisikeli, ambayo yalikuwa hayajapata kufanyika Afrika. Mbio kubwa ya wanaume ilikuwa ya kilomita 267.5. Walipita barabara zilizofungwa, na aliyeshindwa alishindwa na vilima, si na malori.

Kamati ya Kitale au ya Bungoma haiwezi kuifunga njia ya Malaba kutwa nzima, wala haina haja. Yaweza kuiacha. Ukifika Kamukuywa waweza kugeuka kwenda Kimilili, upite Chwele, ushukie Bungoma. Vilima ni vingi zaidi na soko la Chwele lataka askari wake, lakini malori makubwa ya mpakani huyaepuki kwa bahati bali kwa mpango. Watu waanze baada ya mwanga kutimia, wamalize kabla ya mvua ya alasiri. Polisi wapewe habari mapema, na kila njia panda iwe na mtu mwenye bendera ambaye madereva wa matatu na wa pikipiki wamwona kwa mbali.

Limebaki jambo la mpandaji wa mwisho, ambalo husahauliwa mara nyingi. Gari la bendera huwafuata walio mbele, na askari huondoka pamoja nalo. Aliyeachwa nyuma dakika 40 bado ana namba mgongoni, naye adhani bado analindwa, kumbe barabara imekwisha kurudishiwa magari. Kwa ajili yake gari la pili lapaswa kwenda nyuma ya wote. Likimfikia mtu asiyeweza tena kwenda na wenzake, aliye ndani ashuke, aipokee namba yake, amtilie baisikeli garini, na ampe maji ya kunywa.