Farasi Baloubet na beberu wa Newala

Leo nataka tuzungumze habari za farasi. Najua wenzangu wa Newala na Masasi wataguna: farasi kwetu wametokea wapi tena? Ukipanda mlima wa Wamakonde mpaka Newala, kisha ukateremka Masasi, utakutana na mbuzi, kuku, bata, ng'ombe wachache na mikorosho isiyo na mwisho. Farasi hukutani naye.

Si kwamba wanyama wa kupanda na kubeba hawakujaribiwa. Mwaka 1866 Dakta Livingstone alishuka Mikindani na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama wao, baghala 2 na punda 4. Alitaka kuona ni mnyama gani atakayehimili mbung'o. Akafuata njia ya Ruvuma, na wanyama wakafa mmoja baada ya mwingine. Mwenyewe aliwalaumu pia askari wake wa Kihindi, kwa jinsi walivyowapiga na kuwalemeza mizigo. Miaka 50 baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Afrika Kusini yaliingia nchini na farasi kwa maelfu, nao wakateketea kwa nagana na kwa ugonjwa wa farasi. Wajerumani walipopita Newala Novemba 1917 wakikimbilia ng'ambo ya Ruvuma, mzigo wa vita ile ulikuwa juu ya vichwa vya wapagazi. Na hata bila mbung'o, farasi mmoja anakunywa lita 30 na zaidi kwa siku. Mama wa Newala, anayeijua thamani ya ndoo moja ya maji kule juu, atakuuliza kama una akili timamu.

Basi kwa nini niwachoshe na farasi? Kwa sababu yupo mmoja ambaye maisha yake yananifanya niwafikirie mbuzi wetu.

Jina lake Baloubet du Rouet. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1989, farasi dume wa mchezo wa kuruka viunzi. Baba yake, Galoubet, alikuwemo katika timu ya Ufaransa iliyotwaa ubingwa wa dunia mjini Dublin mwaka 1982. Babu yake, Almé, anatajwa na wafugaji wa Ulaya kama sisi tunavyowataja waasisi wa ukoo. Baloubet, akipandwa na Mbrazili Rodrigo Pessoa, alishinda fainali ya Kombe la Dunia mara tatu mfululizo: 1998, 1999 na 2000. Hakuna farasi mwingine aliyewahi kufanya hivyo kwa kufululiza.

Lakini sikiliza kituko chake. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, dhahabu ikiwa karibu kabisa, Baloubet alikifikia kiunzi akakataa kuruka. Akarudishwa, akakataa. Wakatolewa mashindanoni, dunia nzima inatazama. Miaka minne baadaye, Athens, alimaliza wa pili, na medali ya dhahabu ikaja kwa mlango wa nyuma mwaka 2005, baada ya farasi wa mshindi kukutwa na dawa zilizokatazwa.

Sasa fikiri. Dume aliyekuaibisha hadharani namna ile, kwetu angefanywa nini? Angeliwa wiki ile ile. Wenzetu waliangalia mbali zaidi. Waliuliza: watoto wake wanarukaje? Wakawapima, wakaandika daftarini, wakaona kwamba wanaruka. Mmoja wa wanawe, Palloubet d'Halong, aliuzwa Qatar mwaka 2013 kwa bei iliyotangazwa kuwa Euro milioni 11. Mwingine, Balou du Rouet, naye akawa baba mkubwa huko Ujerumani. Baloubet alikufa mwaka 2017, akiwa na miaka 28. Na kwa kuwa mbegu ya farasi inaweza kuhifadhiwa katika baridi kali ya naitrojeni, dume anaweza kupata watoto hata baada ya kuzikwa.

Hapa niseme jambo moja ambalo litawafurahisha wajomba. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na tumechekwa sana kwa hilo na watu wa mikoa mingine. Basi wafugaji wa farasi wa Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, wamekipa kila kizazi cha mama namba yake, na hununui farasi wao bila kuulizia namba hiyo. Dume husifiwa kwa sababu ana watoto mamia, lakini nusu ya kila mtoto imetoka kwa mama.

Turudi mlimani. Tazama tunavyofanya na beberu. Nasema beberu wa mbuzi, si yule wa kwenye siasa. Katika zizi la vijana sita, mmoja anakua upesi, kifua kipana, miguu imara. Huyo ndiye anayeonekana kwanza. Msimu wa unyago ukiingia, yeye ndiye kitoweo. Idd el Hajj ikifika, sharti mnyama awe mzima asiye na kilema, basi yeye tena. Krismasi ni vivyo hivyo, na mfanyabiashara kutoka Mtwara akija na fedha mkononi hamnyoshei kidole dhaifu. Nani anabaki kuwapanda majike? Yule mwenye mbavu za kuhesabika, ambaye hakuna aliyemtaka. Atawapanda mama yake, dada zake, na mwakani binti zake. Ukifanya hivyo miaka 20, usishangae kwamba mbuzi aliyekuwa akilipia karo ya muhula sasa hatoshi kununua sare.

Watu husema ni ujinga wa wanakijiji. Mimi sikubali. Mwenye Baloubet alilipwa kila jike alipopandishwa, kwa hiyo kumtunza kulikuwa na faida. Kwetu beberu mzuri anazurura, anawapanda majike wa jirani bure, na mwenyewe hapati hata ahsante. Pengine anadaiwa fidia ya mihogo iliyoliwa. Mtu huyo akimuuza beberu wake kwa bei nzuri, amekosea wapi? Amepiga hesabu sawasawa. Hasara ni ya kijiji kizima, yeye pekee yake haimhusu.

Wataalamu tunao. Kituo cha Malya huko Mwanza kilichanganya damu ya mbuzi wa Kamorai, Boer na wa kienyeji hadi kupata mbuzi anayejulikana kwa jina la kituo hicho. Mpwapwa walitoa ng'ombe wao. Usa River, Arusha, kuna kituo cha taifa cha uhamilishaji kinachohifadhi mbegu za madume ya ng'ombe. Lakini mrija wa mbegu unahitaji naitrojeni, na naitrojeni inahitaji gari na barabara, na kutoka Arusha hadi Newala ni safari ya kuivuka nchi yote. Kwa mbuzi hatuna haja ya kungoja gari hilo.

Kijiji kinaweza kukubaliana kwamba mwenye beberu aliyechaguliwa apewe mtoto mmoja kwa kila majike kumi waliozaa. Beberu mmoja anatosha majike 25 na zaidi, na jike hubeba mimba miezi mitano tu, kwa hiyo malipo hayakawii. Waliobaki wahasiwe wakiwa wadogo. Watanenepa, na hao ndio wa unyago na wa soko. Kwa sadaka ya Idd, mwenye kuhitaji amuulize shehe wake mapema juu ya aliyehasiwa. Daftari la shilingi chache litunzwe na mtu asiye na mbuzi wengi, ndani yake iandikwe siku ya kupandwa, jike wa nani, baba nani.

Na kabla binti zake hawajafikia kupandwa, beberu ahame. Wa Newala aende Tandahimba, wa Tandahimba aje Newala. Wa Masasi avuke kwenda Nanyumbu. Safari hiyo anaweza kuifanya kwa miguu yake mwenyewe, akivutwa kwa kamba.